Kilomita Tano Zilizopotea

Jumanne, 18 Novemba 2025

Gakiza ana kitabu chake, na mimi leo nimejinunulia changu, daftari la kurasa tisini na sita lenye picha ya twiga kwenye jalada. Mama Mukankusi, mwenyekiti wa ushirika wetu wa kuku hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ametangaza kwamba kila safari ya gari itaandikwa: limetoka na asilimia ngapi za chaji, limerudi na ngapi, limekwenda kilomita ngapi. Mwandishi ni Gakiza, yule Mrundi anayelinda chaji. Mimi nimeendesha malori miaka ishirini na miwili kati ya Bukavu na Kamituga, na hakuna aliyewahi kuniandika. Basi kama naandikwa, na mimi naandika.

Gari lenyewe ni dogo, la umeme, na wanawake wa ushirika wamelibatiza jina la Kimya kwa sababu halina mlio. Jumanne na Ijumaa napeleka mayai sokoni Area 25, Lilongwe, na kurudi na magunia ya chakula cha kuku. Linachajiwa kwa paneli za jua zilizo juu ya ghala. Gakiza na mkewe Espérance wanaishi katika chumba kilichoegemea ghala hilo, na chumba kinaendana na kazi.

Leo limetoka na 100, limerudi na 29. Kilomita 92, kasema Gakiza. Asilimia naziona mwenyewe, ziko kubwa kwenye dashibodi. Kilomita zimeandikwa kwa tarakimu ndogo kama chawa, kwa hiyo hizo anasoma yeye.

Niliegesha nusu ya gari nje ya paa nikaondoka na ufunguo. Nilipogeuka nikamwona Gakiza ameweka bega nyuma, analisukuma peke yake mpaka kivulini. Mtu mwembamba vile, na gari likaenda.

Ijumaa, 21 Novemba

100, 28, kilomita 92. Joto. Sina la kuandika.

Jumanne, 25 Novemba

Nimefungua kitabu cha Gakiza alipokuwa anakunywa uji. Mwandiko wa mwalimu. Akikosea hafuti wala hachani ukurasa, anapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, nawe unaweza kusoma lililokuwa chini yake. Nikamuuliza kwa nini asifute vizuri. Akasema kitabu cha hesabu kikifutwa hakiaminiki tena. Huko kwao alifundisha shule ya msingi. Ndiyo maana anatuona sote wanafunzi.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua ya kwanza, na aibu yangu ya kwanza.

Toka ghala letu hadi lami ni kilomita nne za udongo, na zilizobaki zote hadi Area 25 ni lami. Asubuhi hizo nne zilikuwa sabuni. Kwenye mteremko wa kisima nyuma ya gari ikaanza kutangulia mbele. Nikashika usukani kama ninavyojua, lakini matairi ya Kimya ni laini usoni, yana mifereji myembamba tu, hayana cha kushikia. Tukateleza taratibu hadi mtaroni, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanateka maji. Trei kumi na nne za mayai zimevunjika. Uji wa njano ulikuwa unachuruzika kwenye mlango wa nyuma na kuku wa jirani wakaja kunywa.

Hakuna aliyenisema. Mama Mukankusi alipangusa trei akasema pole. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Mtu aliyepita Kamituga mwezi wa nne, na Fuso lenye tani saba za muhogo, leo ameshindwa na mteremko wa kisima.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepata kibali cha siku moja cha kutoka kambini nikaenda Mitundu. Kuna mwenye shamba pale aliyeuza gari lake, akabakiwa na matairi manne ya meno, yale ya matope, karibu mapya. Meno yake yana kina cha kidole. Nilipoyashika nilijisikia nyumbani. Mtu wa Kivu haulizi tairi lina jina gani, anaingiza kidole kati ya meno, na kidole kikizama anasema hili ni tairi. Kamati ilikwisha kunikubalia jana, maana nani abishane na dereva juu ya matairi? Yamefika Dzaleka jioni kwa lori la viazi.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeyafunga. Yamekubali kwenye rimu, yamejaza nafasi yote chini ya bodi. Gakiza alisimama pembeni na kile kijitabu kilichokuja na gari.

“Papa Narcisse,” akasema, “kitabu ya gari inasema tairi ya namna ingine. Tungeuliza kwanza.”

“Ile kitabu haijaona matope,” nikamjibu. “Na we hujaendesha hata baiskeli.”

Wanawake wakacheka. Akafunga kijitabu akarudi ndani.

Matairi ya zamani bado mazima, lakini nani atayataka? Nimeyapandisha juu ya banda la kuku yashikilie mabati, upepo wa mvua usije ukayang'oa.

Ijumaa, 5 Desemba

Mteremko wa kisima nimeushuka kama ngazi ya kanisa. Hakuna yai hata moja lililovunjika. Wanawake wa kisimani walisimama kutazama, na mimi nikatazama mbele kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa.

Kwenye lami nilipata zawadi nyingine. Gari lilianza kunguruma. Ni meno ya tairi yanapiga lami, sauti nzito, na ukiongeza mwendo nayo inapanda. Tangu mwezi wa saba nilikuwa naendesha kitu kama jokofu, sijui kama kinakwenda au kimesimama. Leo nilisikia gari. Nilipita Lumbadzi nikiimba.

100, limerudi na 12. Mawingu yalikuwa mazito tangu jana, bila shaka chaji haikuingia vizuri. Gakiza kaandika kilomita 87. Hata hesabu ya kutoa hajui leo.

Jumanne, 9 Desemba

Matope yamezidi. Nimepunguza upepo kwenye matairi yote manne ili yakae mapana, kama tulivyofanya Kamituga. Yamekamata vizuri sana. 100, 8. Kilomita 87 tena, kasema mwalimu.

Ijumaa, 12 Desemba

100, 9. Mvua.

Jumanne, 16 Desemba

100, 7. Mvua. Nilirudi kwa mwendo wa baiskeli, kabaza mmoja, bodaboda ya baiskeli, akanipita na abiria wake amejifunika mwavuli.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeona jambo. Niliingia chumbani kwa Espérance kuchukua ufunguo wa ghala nikakuta simu sita zimechomekwa kwenye waya, zinachajiwa. Si zao. Ni za watu. Nikachukua ufunguo nikatoka.

Sasa najua asilimia zangu zinakokwenda. Dashibodi inaonyesha 100 asubuhi, lakini ni 100 ya karatasi. Mtu anayekaa na gari usiku kucha atashindwa kuifanya mia iwe anavyotaka?

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Sylvie mke wangu kashona mashati matatu ya kitenge kwa kitambaa kimoja, langu, la binti yetu Bora na la mumewe, tukaenda kanisani kama kwaya. Gakiza alikaa benchi la mbele yetu. Shingo yake imekonda. Nilijiuliza mwizi anakondaje.

Ijumaa, 2 Januari 2026

100, 6. Nimemwambia Mama Mukankusi juu ya simu. Hakuonekana kushangaa, alisema tu ataangalia. Nikamwambia na hili la kilomita: barabara ni ileile, kituo ni kilekile, mbona mtu anaandika 87 badala ya 92? Akaniuliza kwa nini aandike pungufu. Nikamweleza: njia fupi na umeme mwingi, lawama kwa dereva. Anataka ionekane naendesha ovyo, ili simu zake zisitajwe.

Kisha akasema Gakiza anatunza ghala la ushirika tangu kabla gari halijafika, na hajapungukiwa hata punje ya chakula cha kuku. Nikasema punje huonekana, umeme hauonekani. Hilo lilimwingia.

Jumanne, 6 Januari

100, 7.

Ijumaa, 9 Januari

100, 5. Nyumbani nimemkuta Sylvie anazungumza na Espérance uani. Nilipoingia Espérance akaaga. Sylvie akasema simu wanachajia watu wa kwaya, bila malipo, siku za jua tu. Nikasema kila mwizi ana kwaya yake. Chakula cha jioni aliniwekea bila kunitazama.

Jumanne, 13 Januari

100, 4, na kilomita 87. Leo uvumilivu umenitoka. Gakiza alipokwenda kuosha paneli nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikafungua kitabu chake, na pembeni ya 87 nikaandika kwa herufi kubwa: UONGO. Liko pale sasa, watu wasome.

Aliliona jioni. Alikuja hadi mlangoni kwangu na kitabu kimefunguka mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akauliza tu kama ni mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akaondoka. Hakupiga mstari juu yake.

Ijumaa, 16 Januari

Leo naandika marefu.

Nilitoka na 100. Mayai yalifika, sokoni hakukuwa na tatizo. Nikapakia magunia ishirini ya chakula, manne zaidi ya kawaida, kwa kuwa kuku wameongezeka. Kurudi ni kupanda kidogokidogo njia yote. Mvua ilinikuta Lumbadzi na taa nikawasha. 30. 22. 15. Nikapunguza mwendo. 9. Nilipoacha lami na kuingia udongo nilikuwa na 3, na nikaanza kuongea na gari kama mtu anavyoongea na punda. Kilomita moja na nusu kabla ya ghala likazima. Halikukohoa wala kutikisika kama gari la dizeli linavyokuaga. Lilisimama tu.

Ilikuwa saa kumi alasiri, watu wote wako nje. Vijana wa kabaza waliweka baiskeli zao kando wakaja kusukuma. Tulikuwa saba, halikusogea. Tukawa kumi na moja, likasogea hatua mbili na kurudi moja. Mmoja akauliza kwa Kichewa tumebeba mawe au nini. Tukateremsha magunia yote, watu wakayabeba kichwani kwenye mvua, na bado lilikuwa zito kama limeota mizizi. Tulifika ghalani giza linaingia. Magunia sita yamelowa. Chakula cha kuku kikilowa kinaota ukungu, na ukungu unaua kuku.

Gakiza alitukuta njiani na alisukuma pamoja nasi, upande wangu. Tulipofika nikasema mbele ya watu wote:

“Huyu njo anakula umeme yetu. Muulizeni asubuhi aliweka ngapi.”

Watu wakamtazama yeye, na mimi pia nikamtazama. Alikuwa na matope hadi kidevuni. Akasema aliweka mia moja, na akaingia ndani.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada kamati imekaa. Simu zimetajwa, kitabu kimetajwa, magunia yametajwa. Gakiza alikubali juu ya simu na akaomba msamaha. Juu ya mengine alisema hajui kwa nini gari limechoka, anachojua ni kwamba anaandika anachokiona. Wakaona hilo si jibu. Uamuzi utatolewa Jumapili ijayo, na kila mtu anajua utakuwa upi. Atarudisha ufunguo wa ghala na kutoka chumbani.

Mtu akiitwa mwizi hapa Dzaleka haitwi kingine tena. Hana pa kuhamia, kibali chake ni cha hapahapa, kisima ni hikihiki. Nayajua hayo. Nimeyaandika ili isije ikasemwa sikuyajua.

Jumanne, 20 Januari

Sikusafiri. Mvua, na mayai yamekaa.

Ijumaa, 23 Januari

Nilipofika Area 25 tairi la nyuma kushoto lilikuwa na msumari. Nikamwendea Bambo Kamtukule, fundi wa pancha aliye karibu na soko. Sisi wa Bukavu tungemwita kwado. Ni mzee wa maneno machache, anafanya kazi amekalia ndoo.

Kabla hajagusa msumari aliweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa upesi. Akaniambia niweke changu. Lilikuwa la moto, moto wa sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, na siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Akauliza lami tupu? Nikasema isipokuwa kilomita nne. Akavuta kichwa nyuma akanitazama.

“Achimwene,” akaniita, yaani ndugu, “moto huu umetoka wapi?”

Nikasema umetoka barabarani. Akasema barabara imelowa, haina moto wa kumpa mtu. Kisha akanionyesha kwa kidole. Kila jino linapokanyaga lami linabonyea, linapoinuka linarudi, linabonyea, linarudi, maelfu kwa maelfu, kama mtu anakanda unga njia nzima. Na mimi nimetoa upepo, kwa hiyo tairi zima linakandwa pamoja na meno. Kukanda ni kazi, na kazi inalipwa. Gari la dizeli linalipa kwa dizeli, dereva anajaza tena bila kufikiri. Hili langu linalipa kutoka kwenye betri, na betri ni moja.

“Ule mlio unaousikia,” akasema, “ni chaji yako inatoka.”

Ule mlio. Ule niliouimbia Lumbadzi.

Alilivua, akanipa nilishike kwa mkono mmoja. Nilishindwa. Akaziba pancha, akajaza upepo yote manne hadi kipimo, akasema nitafika nyumbani ila nisipende matairi haya. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao. Nilisahau kumlipa, ikabidi nirudi.

Limerudi na 13. Upepo peke yake umenipa asilimia nane au tisa. Gakiza alikuja na kitabu kusoma kilomita. Sikuweza kumtazama usoni. 87, akasema, akaandika, na juu yake katika safu ya juma lililopita neno langu jekundu lilikuwa linaonekana.

Jumamosi, 24 Januari

Sikulala vizuri kwa sababu ya hiyo 87. Simu ni simu, na moto wa tairi ni moto wa tairi, lakini kilomita? Meno hayawezi kufupisha barabara. Nikajiambia hapa angalau niko sahihi, hapa angalau ameandika uongo. Nilikuwa nang'ang'ania hicho kijiti kimoja.

Asubuhi niliazima miwani ya Sylvie ya kushonea nikaenda kusoma dashibodi mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Nikachukua namba za Gakiza za jana asubuhi, nikatoa. 87. Nikatoa tena kwa vidole. 87.

Basi nikachukua na futi ya Sylvie ya kupimia nguo. Nikapima tairi la meno kuzunguka, nikiweka alama kwa chaki ya fundi nguo kila futi inapoisha: sentimita 221. Kisha nikapanda juu ya banda la kuku. Mabati yanateleza, na kuku chini wakapiga kelele kama nimekuja kuwaiba. Nikalipima tairi la zamani pale juu kwenye manyunyu: sentimita 209.

Nilikaa palepale juu ya bati. Gari halijui kilomita. Linajua tairi limezunguka mara ngapi, basi. Tairi kubwa hatua yake ni ndefu, linafika Area 25 kwa mizunguko michache, na dashibodi inadhani safari imekuwa fupi. Nilichukua kalamu nikagawanya kwenye kiganja: 92 za zamani zinakuwa 87. Haipungui wala haizidi. Gakiza aliandika alichokiona, kila siku, na kila siku alikuwa anaandika kosa langu kwa mwandiko mzuri.

Sylvie alikuwa chini ameshika ngazi. Nikamweleza nikiwa bado juu, maana nilikuwa naogopa kushuka. Nikamwambia na lile nililokuwa nimeanza kuliwaza: leo hii naweza kurudisha matairi ya zamani, niseme nayapumzisha yale ya meno, mvua zinakaribia kupungua, asilimia zitapanda zenyewe, na watu watasema ni jua limerudi.

“Na Gakiza?” akauliza.

Nikasema pengine kamati ingemsamehe.

“Papa Bora,” akasema, “mutu anasamehewaka kitu alifanya. Yeye alifanya nini?”

Aliendelea kushika ngazi mpaka niliposhuka.

Jumapili, 25 Januari

Sijawahi kuogopa mteremko wowote kama nilivyoogopa kikao cha leo.

Kamati ilikaa ndani ya ghala kwa sababu ya mvua, wanawake kumi na wanne juu ya magunia. Gakiza alikuwa ameshaweka ufunguo mezani kabla hajaulizwa. Espérance alisimama mlangoni, na nyuma yake niliona vyombo vyao vimefungwa kwenye shuka. Mama Mukankusi akaanza kuomba. Akimaliza angesema uamuzi, na uamuzi ukisemwa ni vigumu watu kuurudisha kinywani. Nikasimama kabla ya amina.

Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikamwomba Mama Nella, mwanamke mnene kuliko wote, aje asukume Kimya nje ya paa. Akacheka akidhani nafanya mzaha. Akasukuma, gari likamgomea. Tukamwongezea wawili, likaenda kwa shida. Nikawauliza nani anakumbuka Gakiza akilisukuma peke yake mwezi wa kumi na moja. Walikumbuka, walikuwa wakimtania kwa hilo. Nikawauliza tangu wakati huo gari limebadilika nini. Wakatazama gari, na mmoja baada ya mwingine macho yao yakashuka kwenye matairi.

“Ni mimi,” nikasema. “Chaji ilikuwa inakuwaka mia moja, kila siku. Matairi njo ilikula. Mi niliyaleta, mi nilitoa upepo, alinikataza na nikamucheka mbele yenu. Na kilomita yake iko ya kweli. Nilipima.”

Nikawaonyesha futi yenye chaki. Wengine walielewa, wengine hawakuelewa hesabu lakini walielewa uso wangu. Mtu akauliza juu ya simu. Nikasema simu sita mbele ya betri ile ni vikombe sita kwenye pipa, na kama ni dhambi, ni dhambi aliyokwisha kuungama. Ya kwangu ndiyo ilikuwa bado.

Mama Mukankusi akasema, “Sasa magunia ilioza, na tulikuja hapa kufukuza mutu. Tumufukuze nani?”

Nikachomoa ufunguo wa gari mfukoni nikauweka mezani kando ya ule wa ghala. Funguo mbili zikalala pamoja. Hakuna aliyezigusa. Mvua ilikuwa inapiga mabati na hatukusikiana hata kukohoa.

Gakiza ndiye aliyeinuka. Akachukua wa ghala, akauweka mfukoni mwake. Akachukua wa gari, akanipa, akasema Jumanne kuna trei mia moja na thelathini. Baadaye wakanipa adhabu ya zamu za mwezi mzima za kuosha banda, na nimezikubali. Espérance alikwisha kufungua shuka.

Jumatatu, 26 Januari

Nimeteremsha matairi kutoka juu ya banda na kuyafunga. Gakiza alikuwa ananipokea chini. Juu ya mabati tumeweka yale ya meno, ni mazito, hakuna upepo utakaoyang'oa. Kwa zile kilomita nne tumepatana hivi: tunamwaga changarawe mteremko wa kisima, na siku ya matope mabaya nafunga minyororo hadi lami, kisha nafungua. Wazo la minyororo ni lake. Limo kwenye kijitabu cha gari, ukurasa wa thelathini na moja.

Jumanne, 27 Januari

Mawingu kutwa, mvua kuanzia mchana. Mteremko wa kisima niliushuka na minyororo. 100, limerudi na 27.

Kwenye lami hakukuwa na mlio wowote. Nilisikia mayai yakigusana kwenye trei.

Jioni Gakiza alikuja na kitabu. Nilivaa miwani ya Sylvie tukasoma pamoja, akaandika 92. Nikamwomba kalamu, nikafungua ukurasa wa tarehe kumi na tatu nilifute lile neno. Nilikwisha kulowesha kidole kwa mate. Akaweka mkono juu ya ukurasa.

“Kitabu hii haifutwi,” akasema. “Piga mustari moja. Na pembeni andika ni nani aliandika.”

Nikapiga mstari mmoja, neno likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika jina langu lote, kwa herufi kubwa kama zile za kwanza. Akasubiri likauke, akafunga kitabu, kisha akaweka bega nyuma ya Kimya na kulisukuma peke yake hadi chini ya paa.